Kuni Zinakwenda Wapi? Sayansi ya Moto wa Jikoni na Namna ya Kuchagua Jiko

Kupasha lita mbili za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 kunahitaji nishati ya kilojuli 630 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina kilojuli zipatazo 16,000. Ukigawa, utaona kwamba gramu 40 za kuni zingetosha, yaani kijiti kimoja cha unene wa kidole chenye urefu wa sentimita 40 hivi. Kila anayepikia mafiga anajua kwamba haiwi hivyo. Maji hayo ya chai humaliza kuni mara sita au saba ya kiasi hicho, na siku ya upepo hata mara kumi.

Nyingine zote zinakwenda wapi? Swali hili limeshughulisha idara za uhandisi mitambo za vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka 40. Wanaolichunguza ni wataalamu wale wale wanaosomea mtiririko wa gesi, usafiri wa joto na uunguaji kwa ajili ya injini za magari, tanuri za saruji na mitambo ya kufua umeme. Waliyoyagundua kuhusu jiko yamebaki zaidi kwenye majarida ya kitaalamu, ilhali anayeyahitaji ni mama anayenunua mkaa kwa kopo, mwenye mgahawa, mpishi wa shule na kijana aliyepanga chumba kimoja.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni hili: jiko lina kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kuunguza kuni zote ziishe, pasibaki gesi wala chembe isiyoungua. Kazi ya pili ni kulifikisha joto hilo kwenye sufuria. Jiko linaweza kuimudu kazi moja na kushindwa kabisa na nyingine. Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mafiga matatu, yakiwashwa na mtu anayejua moto, hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya kuni kuwa joto. Upande wa kuunguza, mafiga si mabaya hivyo. Balaa ni kwamba joto linaloingia kwenye chakula kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu, na lililobaki linapasha ukuta, paa, miguu ya mpishi na hewa ya nje.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama ya kuni au mkaa ashughulikie zaidi safari ya joto kuelekea sufuria. Anayetaka kupunguza moshi ashughulikie ile sehemu ndogo isiyoungua, kwa sababu moshi ni hiyo. Ni matatizo mawili, na dawa zake wakati mwingine zinagombana: ukiishusha sufuria karibu mno na moto ili ipate joto zaidi, chuma baridi huupoza mwali kabla gesi hazijaisha kuungua, na hapo unaokoa kuni huku ukiongeza moshi. Muuzaji akikwambia jiko lake ni "banifu", muulize linabana nini: kuni, moshi, au vyote viwili.

Somo lililotoka Guatemala

Mwaka 1976 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Guatemala. Katika miaka iliyofuata lilienea huko jiko la udongo na mchanga lililoitwa Lorena. Lilikuwa zuri kwa macho: kuta nene, matundu ya sufuria kadhaa, bomba la kutolea moshi. Lilisifiwa likaigwa katika nchi nyingi. Watafiti walipopima kuni kwa mizani wakakuta kwamba mara nyingi lilitumia kuni nyingi kuliko moto wa wazi.

Sababu yake inaeleweka. Udongo mzito hauzuii joto, unalinywa. Kabla sufuria haijapata kitu, moto hutumia muda mrefu kupasha kilo nyingi za ukuta. Kizuia joto cha kweli ni chepesi na kimejaa vijishimo vya hewa: majivu makavu, mawe mepesi ya volkano, madini ya vemikulaiti, au matofali yaliyochanganywa na pumba za mbao na kuchomwa hadi pumba zikaacha matundu. Katika vijiji vyetu bado yanajengwa majiko ya udongo wenye unene wa shubiri nzima, na wajenzi wanaamini kwamba unene ndio ubora. Ukijengewa jiko la aina hiyo, omba chumba cha moto kiwe na ukuta mwembamba wa udongo uliochomwa, kisha nafasi kati yake na ukuta wa nje ijazwe majivu makavu. Majivu hayauzwi, na kazi hiyo yanaifanya vizuri.

Kutokana na makosa kama ya Lorena, Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, jimbo la Oregon nchini Marekani, alitunga katika miaka ya 1980 jiko ambalo sasa linajulikana duniani kama roketi. Umbo lake ni kiwiko: kuni huingia kwa mlalo chini, miali hupanda kwenye bomba fupi la wima lililozungushiwa kizuia joto, na sufuria hukaa juu. Bomba likiwa la moto sana, gesi huungua humo ndani kabla ya kuigusa sufuria, na joto la bomba huvuta hewa mpya kutoka chini bila feni. Mwaka 1987 Samuel Baldwin alichapisha kitabu cha uhandisi wa majiko kilichotokana na kazi yake Afrika Magharibi na katika Chuo Kikuu cha Princeton. Humo alionyesha kwa hesabu za mtiririko wa gesi jambo ambalo mafundi walikuwa wakilikisia tu, nami nitalirudia hapa chini.

Kenya ilikuwa na njia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi na mafundi wa jua kali, akiwemo Max Kinyanjui, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakaliunganisha na jiko la bati lililozoeleka. Jiko hilo la mkaa lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo uliochomwa ndani ya bati leo liko kila soko la Afrika Mashariki. Kikombe hicho huyazuia makaa yasipoteze joto kupitia bati, na ndiyo maana ubavu wa jiko zuri la mkaa haukubabui kama wa lile la bati tupu.

Moshi unavyozaliwa

Kuni haiungui moja kwa moja. Ikipata joto, kwanza hutoa maji. Kuanzia kama nyuzijoto 200 hadi 500 huvunjika na kutoa gesi na mvuke wa lami, na hizo huchukua robo tatu hivi ya uzito wa kuni kavu. Mwali unaouona ni gesi hizo zikiungua. Kinachobaki ni kaa, ambalo huungua polepole bila mwali mkubwa. Gesi zikikosa moja kati ya vitu vitatu, yaani joto la kutosha, muda wa kutosha ndani ya moto, na kuchanganyika sawasawa na hewa, hutoka zikiwa hazijaungua. Tunaziita moshi.

Cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji yanayotiririka kwenye bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ulinyooka bila kuchanganyika na maji yaliyouzunguka. Mwendo ulipopita kiwango fulani, uzi ulivunjika na rangi ikaenea kote. Hewa inayopanda ndani ya jiko dogo huenda polepole, kwa hiyo gesi ya kuni na hewa safi huweza kupanda bega kwa bega na kutoka juu bila kukutana. Ndiyo sababu majiko yenye feni ndogo, yanayopuliza hewa kupitia vitundu vya pembeni, hutoa moshi kidogo sana maabarani. Vitundu hivyo si pambo. Vikizibwa na majivu, jiko hurudi kuwa la kawaida, basi visafishe kila baada ya siku chache.

Jiko la gesi hutumia kanuni hiyo hiyo. Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga, huko Heidelberg mwaka 1855, walitengeneza kichomeo kinachochanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka. Ndiyo asili ya mwali wa bluu. Mwali wa jiko lako la gesi ukiwa wa manjano na sufuria ikipata masizi, hewa haitoshi: tundu la hewa limeziba, kichomeo kimechafuka, au kimekaa upande. Kisafishe au muite fundi. Usiendelee kupikia hivyo, maana mwali wa manjano unapoteza gesi na huenda unatoa hewa yenye sumu.

Kwa anayepikia kuni, maabara zimethibitisha mengi ambayo bibi zetu waliyajua, ila sababu zake ni tofauti kidogo na tunavyodhani. Tuchukue kuni mbichi. Wengi hufikiri hasara yake ni nishati inayotumika kukausha maji. Ipo, lakini si kubwa sana: katika kilo ya kuni ambayo nusu yake ni maji, ukaushaji hula kama sehemu moja kwa saba ya nishati iliyomo. Hasara kubwa ni kwamba mvuke hupoza chumba cha moto, gesi hazifiki joto la kuwaka, na zote hutoka kama moshi. Kausha kuni juani, kisha zihifadhi juu ya uchanja penye paa. Zipasue ziwe nyembamba, unene wa dole gumba moja au mawili, kwa kuwa moto hula uso wa kuni na vipande vyembamba vina uso mwingi zaidi kwa uzito ule ule. Usiushindilie mdomo wa jiko. Theluthi moja hivi ya mdomo, upande wa chini, iachwe kwa ajili ya hewa, na kama jiko lina kirafu cha kulazia kuni, hewa ipite chini ya kirafu hicho ikutane na ncha zinazowaka. Sukuma kuni ndani kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua. Ukiona sehemu ya kuni iliyo nje ya jiko inafuka, umeisukuma mno.

Kuna aina nyingine ya jiko ambalo huwashwa kwa juu. Thomas Reed wa Marekani na Paul Wendelbo wa Norway, aliyefanya kazi Uganda, walilifikia kila mmoja kwa njia yake. Unajaza kopo la bati vipande vidogo vya kuni, vifuu au magunzi makavu, unawasha juu, moto unashuka huku gesi zikipanda kupitia tabaka la makaa na kukutana na hewa ya pili iliyokwisha kupata joto. Likijazwa ipasavyo, mwali wake hukaribia ule wa gesi. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuongeza kuni katikati ya mapishi bila kuvuruga kila kitu, na mwishoni makaa hubaki. Yamwage nje uyazime, au yatumie papo hapo penye hewa. Usiyaache yakififia ndani.

Safari ya joto kwenda kwenye sufuria

Hewa ya moto inapopita kwenye ubavu wa sufuria, tabaka jembamba la gesi hung'ang'ania chuma na halisogei. Joto lazima lipenye tabaka hilo, nalo ni kizuizi kikubwa kuliko chuma chenyewe. Hapa ndipo Baldwin alipotoa mchango wake. Ukiizungushia sufuria ukanda wa bati ukaacha upenyo mdogo, gesi hulazimika kupita kwa kasi karibu na chuma, tabaka hilo huwa jembamba, na joto huingia. Upenyo wenyewe una masharti makali. Katika hesabu zake, kuupanua kutoka milimita 8 hadi 10 kulipunguza joto linaloingia kwa karibu nusu. Milimita mbili tu! Ndiyo maana jiko lililotengenezwa kwa sufuria ya ukubwa mmoja hupoteza sifa yake ukiweka nyingine ndogo zaidi. Nunua jiko linaloendana na sufuria unayoitumia kila siku. Kama umepata ukanda wa bati wa kuzungushia, pima upenyo kwa jicho kali: uwe kama unene wa kidole kidogo, usizibe, wala usiwe mpana. Ukiona moshi unarudi mdomoni mwa jiko, umebana kupita kiasi.

Mkaa una tabia tofauti. Sehemu kubwa ya joto lake husafiri kwa mnururisho, yaani mng'ao wa makaa yenyewe, kama joto la jua linavyotufikia bila kuhitaji upepo wa kulibeba. Mng'ao huo unahitaji makaa na sufuria vitazamane kwa karibu. Ukijaza mkaa kidogo chini kabisa ya kikombe kirefu, unapasha kuta. Pia chuma kinachong'aa huurudisha mng'ao, wakati cheusi huumeza, kwa hiyo hakuna haja ya kusugua kitako cha nje cha sufuria hadi king'ae kila siku. Ondoa masizi mazito yanayobanduka, ule weusi mwembamba uuache.

Lakini akiba kubwa kuliko zote haitaki jiko jipya. Inataka mfuniko. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, mara tatu na nusu ya nishati iliyotumika kuchemsha zile lita mbili za mwanzo. Maharage yanayotokota bila mfuniko kwa saa mbili yanapeleka angani nishati nyingi kuliko iliyoyaivisha. Tena maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka kwa utulivu. Yote yako kwenye kiwango kile kile. Sufuria ikishachemka, funika, funga mlango wa hewa wa jiko au punguza gesi mpaka usikie mchemko mdogo tu. Maharage yaloweke usiku kucha. Ukiwa na kapu kubwa lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu, chemsha maharage vizuri, funika, yatie ndani ya kapu na uyafunike juu: yataendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa. Kabla ya kula yachemshe tena sawasawa, maana chakula kilichokaa uvuguvugu kwa muda mrefu huweza kuota vijidudu.

Wakazi wa nyanda za juu wana sababu ya ziada ya kujali haya. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 Dar es Salaam na Mombasa, lakini Nairobi na Mbeya huchemka kwenye 94 hivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo huko juu. Nyuzi hizo sita ndizo zinazofanya githeri na makande yakawie, hata ukiongeza moto kiasi gani. Sufuria ya presha huondoa tatizo hilo kwa kubana mvuke hadi joto la ndani lifike 115 au 120, iwe juu ya mkaa, gesi au umeme. Ile ya umeme ina faida nyingine ya kuzungukwa na kizuia joto. Mradi wa utafiti wa upishi unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, ambao nchini Tanzania umeshirikiana na shirika la TaTEDO, umeipima kwa vyakula vyetu hasa, si kwa maji matupu. Nusu kilo ya maharage huiva humo kwa chini ya nusu uniti ya umeme. Chukua bei ya uniti uliyolipa mwezi uliopita, igawe kwa mbili, kisha ilinganishe na mkaa unaoutumia kuyaivisha hayo hayo. Wengi wanaodhani umeme ni ghali kwa kupikia hawajawahi kufanya hesabu hii.

Maabara na jikoni

Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala kina kituo cha utafiti wa nishati, CREEC, kinachopima majiko ya eneo letu. Kazi kama hiyo hufanyika katika maabara ya injini na nishati ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani. Utaratibu haupishani sana: kuni hupimwa uzito na unyevu, sufuria ya maji huwekwa kipimajoto, na jiko zima hukaa chini ya dohani yenye feni inayokusanya kila kinachotoka ili kupima gesi ya kaboni monoksaidi na chembe laini za moshi. Tangu 2018 kuna kanuni za kimataifa za ISO zinazoyapanga majiko katika ngazi kuanzia 0 hadi 5, tena kila sifa kwa ngazi yake: ufanisi, chembe za moshi, kaboni monoksaidi, usalama na uimara. Jiko linaweza kupata 3 kwa ufanisi na 1 kwa moshi. Ukionyeshwa namba moja tu kwenye boksi, hujaonyeshwa kitu. Omba zote.

Namba za maabara zina mipaka yake, na watafiti waaminifu wamesema hivyo wenyewe. Huko Malawi, zaidi ya watoto 10,000 walihusishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017: baadhi ya familia zilipewa majiko ya kisasa yenye feni, nyingine ziliendelea na moto wa kawaida. Vichomi kwa watoto havikupungua. Majiko yaliharibika, familia ziliendelea kutumia mafiga pembeni, na kulikuwa na moshi wa takataka na tumbaku. Kule Guatemala, jaribio la Kirk Smith na wenzake la mwaka 2011 lilitumia majiko ya bomba la moshi. Moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa nusu, vichomi vikali vikapungua, lakini hesabu ya vichomi vyote kwa pamoja haikuonyesha tofauti ya uhakika. Sisemi haya ili kukatisha tamaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nyumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na jambo la uzito huo halifai kuuzwa kwa ahadi rahisi. Nusu ya moshi mwingi bado ni moshi mwingi. Anayenunua jiko bora la kuni anapata akiba ya kuni hakika. Mapafu ya mtoto yanahitaji zaidi: mtoto asikae jikoni, jiko likae penye upepo au chini ya bomba linalotoka juu ya paa, na hatua kwa hatua mapishi ya kila siku yahamie kwenye gesi au umeme. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo litafikiwa jikoni, sufuria moja baada ya nyingine.

Unaweza kufanya jaribio lako mwenyewe kabla ya kuamini tangazo. Pima kuni au mkaa kwa mizani ya dukani. Chemsha maji ya kiasi kile kile, kwa sufuria ile ile iliyofunikwa, kwenye jiko la zamani na jipya. Zima, pima kilichobaki, rudia siku tatu tofauti zisizo na upepo mkali. Jaribio zuri zaidi ni la wiki nzima: andika mkaa ulionunua na idadi ya watu waliokula, wiki moja kwa kila jiko.

Unapofika dukani

Gonga kikombe cha udongo kwa ukucha. Kikilia wazi, kimechomwa vizuri. Kikitoa sauti butu, kina ufa au hakikuiva. Angalia kama kimeshikana na bati pande zote. Hakikisha mlango wa hewa unafunga kweli, kwa sababu ndio usukani wako, na bila huo mkaa utaungua kwa kasi yake wenyewe mpaka uishe. Tikisa miguu. Jaza sufuria yako maji uone kama jiko linasimama bila kuyumba wakati wa kusonga ugali, jambo ambalo maabara nyingi za ng'ambo hazikulifikiria kwa muda mrefu. Uliza kama kikombe kinauzwa peke yake, maana kitachakaa kabla ya bati. Likifika nyumbani, washa moto mdogo mara mbili tatu za kwanza ili unyevu utoke polepole, na usimwage maji kwenye kikombe chenye moto.

Kuhusu bei, kuna utafiti wa Nairobi unaostahili kujulikana na kila kikundi cha kina mama. Susanna Berkouwer na Joshua Dean walichapisha mwaka 2022 matokeo yanayoonyesha kwamba familia zilizopata jiko bora la mkaa zilipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39. Jiko liliuzwa kama dola 40, lakini watu kwa wastani walikuwa tayari kulipa 12 tu, ingawa lingerudisha gharama yake baada ya miezi michache. Waliporuhusiwa kulipa kidogo kidogo, kiasi walichokuwa tayari kulipa kiliongezeka mara mbili. Kilichokosekana ni fedha za mkupuo. Faida ilikuwepo tangu mwanzo. Chama cha kuzungushiana fedha kinaweza kununulia wanachama majiko kwa zamu, na akiba ya mkaa ikalipa mchango wa zamu inayofuata.

Kumbuka pia safari ya mkaa kabla haujafika kwako. Katika tanuri za udongo za kienyeji, kilo moja ya mkaa hutoka kwenye kilo 5 hadi 10 za kuni, hivyo sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotea porini. Jiko la mkaa hata liwe bora vipi haliwezi kuirudisha.

Yanayoua bila moshi

Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo ulipo mtego. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Kila msimu wa baridi, Juni na Julai, kwenye miji ya nyanda za juu, watu huingiza jiko chumbani ili kupata joto, hufunga madirisha na kulala. Baadhi yao hawaamki. Hakuna jiko la mkaa, la bei yoyote, lililo salama kwenye chumba cha kulala kilichofungwa. Washa mkaa nje hadi ukolee, kwa kuwa gesi hiyo hutoka kwa wingi wakati wa kuwasha na unapoongeza mkaa mpya. Pikia penye madirisha mawili yanayopitisha upepo, na ukimaliza litoe jiko nje hata kama unaona makaa yamefifia. Kichwa kikiwauma watu kadhaa nyumbani kwa wakati mmoja, wakisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kulegea, watoe nje mara moja na uwafikishe hospitali, ukimweleza daktari kwamba kulikuwa na mkaa ndani. Asipoambiwa anaweza kudhani ni malaria.

Gesi ya mtungi ina hatari ya namna nyingine. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni na kujaa kwenye pembe za chini, ambako dirisha la juu haliisaidii kutoka. Mtungi usimame wima, mahali penye tundu la hewa karibu na sakafu. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata na viungo vya mpira. Mapovu yakikua, panavuja, na kamwe usipime kwa kiberiti. Mpira ukikakamaa au kupasuka nyuzi, ubadilishe siku hiyo hiyo. Ukisikia harufu, ambayo huongezwa makusudi kiwandani ili uitambue, funga mtungi, fungua milango yote, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usitumie simu ndani, na utoe kila mtu. Pigia simu muuzaji wa gesi au zimamoto ukiwa nje, mbali na nyumba.